Daktari, tumbo la mbwa yangu halitulii, nimpikie nini?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa South B. Ana Japanese Spitz wa miaka mitatu, dume aliyehasiwa, kilo sita, wanaishi naye gorofa ya nne. Anasema karibu kila wiki mbili mbwa anaendesha, yaani anaharisha, asubuhi zingine anatapika povu ya njano, ameshajaribu vyakula vya pakiti aina nne ndani ya mwaka mmoja, na sasa anampikia kuku na wali kwa supu lakini bado choo hakijashika. Anauliza, nimpikie nini ambacho tumbo lake litakubali?

Dada, kwanza asante kwa kumpima uzito kabla ya kuniandikia, wengi huniambia tu "ni kadogo" alafu naanza kukisia, na kwa mbwa wa saizi hii kukosea na kilo moja ni kukosea na sehemu kubwa ya chakula chake.

Kitu kilichonishika kwa barua yako si kuku wala wali, ni hiyo namba nne. Vyakula vinne mwaka mmoja, na sasa cha tano ni chako mwenyewe. Utumbo wa mbwa una vijidudu vyake vizuri ambavyo vinazoea kile anachokula, ukibadilisha ghafla leo hii kesho ile vinachanganyikiwa na choo kinalegea, wewe unaona choo kimelegea unasema hiki chakula kimekataa, unanunua kingine, na mzunguko unaanza tena. Inawezekana kabisa kati ya hivyo vinne kuna kimoja hakikuwa na shida yoyote. Kubadilisha chakula inataka siku saba hadi kumi, unaanza na robo ya kipya na robo tatu ya kile cha zamani, unapanda polepole. Mbwa wa tumbo jepesi nampa hata wiki mbili.

Kabla hujawasha gesi lakini, peleka choo kipimwe. Nakuambia hivi juu nimeona watu wakipika miezi na miezi kumbe mbwa ana giardia, kijidudu cha utumbo kinacholeta kuharisha, na hii Nairobi yetu mbwa akitembezwa akanywa maji ya mtaro mara moja tu inatosha. Giardia inakuja inaenda, wiki hii choo ni kizuri, wiki ijayo ni uji wenye kamasi, yaani vile vile unavyosema wewe. Na vidonge vingi vya minyoo vya agrovet haviimalizi, kwa hivyo ukiniambia "lakini nilimpa dawa ya minyoo" bado nitataka kuona choo. Beba choo cha asubuhi hiyo hiyo kwa chupa safi, saizi ya kijiko inatosha, na ukiweza cha siku tatu tofauti ni bora zaidi kwa sababu kuna siku havionekani. Kama huna daktari unayemwamini, kule Upper Kabete kwenye kitivo cha mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kuna kliniki ya wanyama wadogo, na kokote uendako hakikisha anayemshika mbwa yako amesajiliwa na Kenya Veterinary Board, hiyo ni haki yako kuuliza na asikasirike.

Sasa hiyo povu ya njano. Hiyo ni nyongo. Tumbo likikaa tupu masaa mengi nyongo inarudi juu inalichoma, mbwa anaamka anakula nyasi au anatapika povu alafu baada ya dakika kumi anacheza kama hakuna kitu. Umesema anakula saa kumi na mbili jioni na tena saa mbili asubuhi, hayo ni masaa kumi na nne, kwa mbwa wa kilo sita ni marefu sana. Usiongeze chakula, kigawe tu. Kile cha siku kigawe mara nne na cha mwisho akipate saa nne usiku kabla hamjalala. Wengi povu inaisha ndani ya wiki bila dawa yoyote. Isipoisha, au akitapika pia mchana, hiyo inabidi aangaliwe.

Tuje kwa sufuria. Umeandika "kuku na wali kwa supu", na nimekaa na hilo neno supu kwa sababu najua supu ya nyumba ya Kenya inavyoanza, inaanza na kitunguu. Kitunguu, kitunguu saumu, majani ya kitunguu, kile cha unga kilicho ndani ya mchuzi mix na vile vidude vya kuongeza ladha, vyote vinaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Kukipika hakuondoi hiyo sumu, kukichuja usikione pia hakuondoi, imeshaingia kwa maji. Kiasi kinachoanza kuleta shida ni kama gramu 15 hadi 30 kwa kila kilo ya mbwa, kwa wako wa kilo sita hiyo inaanzia gramu 90, kitunguu kimoja tu cha kawaida kinafika hapo. Na kile kidogo kidogo cha kila siku nacho kinajumlika, mbwa anaanza kuchoka, fizi zinapauka, mkojo unakuwa kama chai ya rangi. Kwa hivyo chakula chake kina sufuria yake. Usipakue kwa yenu alafu ukamwoshea, mpikie kando, maji matupu, hakuna chumvi, hakuna kitunguu, hakuna royco, hakuna dania. Wewe utaona hakina ladha, yeye pua yake inanusa kuku aliyechemshwa tangu ukiwa kwa ngazi.

Na ngozi ya kuku itoe yote. Supu ikipoa iweke kwa friji mpaka yale mafuta yagande juu, uyatoe na kijiko utupe, kile kinachobaki chini ndicho unaweza kulainishia wali. Mafuta mengi ndiyo yanamaliza hawa mbwa wadogo, yanachokoza kongosho inavimba, na hiyo maumivu yake ni makali, mbwa anainama mbele matako yakiwa juu kama anayesujudu, anatapika, hataki kuguswa tumbo. Jumatatu ndio siku yangu ya kupokea hao, baada ya wikendi ya nyama choma watu wakimrushia vipande vya mafuta ambavyo wao wenyewe hawavitaki. Mbwa wa kilo sita kupewa kipande cha mafuta saizi ya kiberiti si kitu kidogo kwake.

Vipimo sasa. Mbwa wa kilo sita akilala tu siku nzima mwili wake unachoma kama kalori 270, ukiongeza kupanda ngazi, kucheza na watoto na matembezi ya jioni anafika kama 380 hadi 430. Nianze na 385 alafu tupime uzito kila wiki. Kwa siku nzima mpe gramu 100 za kifua cha kuku kilichochemshwa, bila ngozi bila mfupa, kimechanwa chanwa, gramu 130 za wali mweupe uliopikwa ukawa laini kabisa, hiyo ni kama robo tatu ya kikombe, na vijiko vitatu vikubwa vya malenge yaliyopondwa. Mafuta ya alizeti kijiko kimoja cha chai, lakini hayo yaanze siku ya nne choo kikishika. Nimesema alizeti makusudi, yale yanayoganda ya kukaangia chapati mengi ni ya mawese na hayana kile ngozi na manyoya yake yanahitaji. Nunua kile kimizani kidogo cha jikoni, kweli nakuomba, kijiko cha mkono wa mtu na cha mwingine havilingani.

Wali uwe mweupe, pishori ama yoyote ile sawa, usitafute wa brauni kwa sababu ni wa afya, wa brauni una makapi na sasa hivi tumbo lake linataka kitu chepesi. Malenge ndiyo nayapenda kuliko dawa nyingi, yana ule uzi unaovuta maji, choo kikiwa majimaji kinashika na kikiwa kigumu kinalainika. Mama mboga hana malenge leo? Karoti zichemshwe mpaka ziwe uji. Sukuma, kabeji na maharagwe, hapana, yatamjaza gesi. Na ile tunayoita spinachi huku ina oksaleti nyingi, kitu kinachoweza kuleta mawe ya mkojo, iache.

Kilo moja ya kifua kibichi ikichemka inabaki kama gramu 700, hiyo ni wiki nzima. Pika Jumapili, pima, weka kwa vikopo vidogo, vya siku tatu vikae kwa friji na vingine vigandishwe. Stima ikipotea usiku kucha na vile vya friji vikapoteza baridi, tupa. Wali uliolala juu ya meko kwa sufuria pia tupa, una bakteria ambazo hata ukiupasha moto tena sumu yake inabaki. Chakula chake kipashe kidogo tu kiwe vuguvugu, chakula baridi kutoka friji kinaweza kumfanya atapike.

Hapa sasa ndipo nataka unisikilize vizuri dada, hata kama umechoka kusoma. Hicho chakula nilichokuandikia ni cha kutuliza tumbo. Si cha maisha. Nilipoanza kazi niliwahi kumwambia mwenye mbwa mmoja, Chihuahua wa miezi mitatu aliyekuwa ametoka kwa parvo, ule ugonjwa wa virusi wa tumbo, nikamwambia mpe kuku na wali, tumbo lake linapenda hiyo, nikamaliza hapo. Sikumwambia mpaka lini. Yule mama alifuata neno langu kwa upendo wote, kuku na wali, kuku na wali, wiki kama nane hivi, akarudi akiwa amembeba kwa leso. Mguu wa nyuma umevunjika na alikuwa ameruka tu kutoka kwa kochi. Eksirei ilionyesha mifupa kama karatasi. Hakukuwa na kalsiamu kwa kile chakula, mwili ukaanza kuitoa kwa mifupa. Alipona, tulimrekebishia chakula tukamfungia asirukeruke, lakini yule mama aliniuliza "si wewe ndio uliniambia nimpe?" na ilikuwa kweli. Tangu siku hiyo sijawahi kumwambia mtu kuku na wali bila kumwambia mwisho wake.

Angalia hesabu yenyewe. Gramu 100 za kuku zina kalsiamu kama miligramu 15 tu. Ongeza wali na malenge, bado hatufiki 50. Mbwa yako anahitaji kama 400 hadi 500 kila siku. Wako ni mtu mzima, hataanguka mwezi ujao, lakini inamla polepole ndani. Njia rahisi ni maganda ya mayai. Yaoshe, yachemshe dakika kumi, yaanike yakauke kabisa kabisa, alafu yasage kwa blenda ama kinu mpaka yawe unga laini kama wa ngano, chembe zisibaki zitamkwaruza. Robo ya kijiko cha chai kwa siku, inampa karibu miligramu 500. Kienyeji ama gredi haina tofauti. Anza nayo wiki ya pili choo kikiwa kimetulia na usizidishe, kalsiamu ikizidi inafunga choo na inazuia zinki isiingie.

Wiki ya pili hiyo hiyo unaweza kuongeza maini ya ng'ombe yaliyochemshwa, gramu kumi hivi, ukubwa wa kidole gumba, mara mbili kwa wiki na isizidi hapo, juu vitamini A ya maini inajikusanya mwilini. Baadaye omena, kijiko kikubwa kimoja, iliyolowekwa na kuoshwa maji mengi mchanga utoke wote, ichemshwe tu. Kitu kimoja kipya kwa wakati, subiri siku nne tano kabla ya kingine, ili choo kikiharibika ujue ni nani.

Lakini hata na maganda na maini na omena, bado kuna mashimo. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis walipitia mapishi 200 ya mbwa ya kwenye vitabu na mitandaoni, na asilimia 95 yalikosa angalau kirutubisho kimoja cha lazima. Zinki, vitamini D, vitamini E, kolini, hivyo ndivyo vinapotea sana. Kwa hivyo ukitaka kumpikia maisha yake yote, na wala si vibaya, mwambie daktari wako akutafutie ule unga wa vitamini na madini uliotengenezwa kwa ajili ya chakula cha nyumbani cha mbwa, unapimwa kwa gramu. Usimpe vitamini za watoto za kutafuna, nyingine zina sukari bandia inayoitwa xylitol na hiyo inaangusha sukari ya mbwa ndani ya nusu saa. Ama tumia chakula chako kutuliza, alafu mrudishe polepole kwa pakiti moja ya mbwa wa tumbo jepesi, moja tu, na ukae nayo. Mimi nikiangalia maisha yenu ya kazi na watoto, hiyo ya pili ndiyo ningeichagua.

Na kama ukifanya haya yote kwa wiki mbili, choo kimepimwa ni kisafi, na bado anaendesha? Hapo naanza kushuku kuku mwenyewe. Mbwa wenye aleji ya chakula mara nyingi wanasumbuliwa na ng'ombe, maziwa, kuku na ngano, kwa mpangilio huo karibu, na hivyo ndivyo viko kwa pakiti nyingi, inaweza kueleza kwa nini zote nne zilikataa. Dalili nyingine ni kujilamba miguu mpaka manyoya meupe yanakuwa ya kahawia na masikio kunuka kila mara. Ukiona hivyo badilisha nyama iwe ile hajawahi kula kabisa, sungura ama fileti ya samaki, na wali uwe viazi vitamu, na kwa muda huo hakuna kitu kingine kinaingia mdomoni, hata kipande cha biskuti. Tumbo huwa linajibu ndani ya wiki mbili hivi, ngozi inachukua hadi nane.

Hiyo "hakuna kitu kingine" ndiyo ngumu kuliko kupika. Kaa na dada anayekusaidia nyumbani na watoto mwaelewane, mwonyeshe yeye kile kikopo cha siku umwambie hiki ndicho chake chote, kwa sababu mara nyingi mtu anampa ugali na maziwa kwa huruma tu, na mbwa wengi waliokomaa hawawezi maziwa, yanawaendesha. Mandazi hapana, chokoleti hapana, zabibu hata moja hapana inaua figo, makadamia za kutoka ushago hapana, zinalegeza miguu ya nyuma. Mifupa iliyopikwa inapasuka kama vioo. Na yale mapafu na matumbo ambayo bucha huuza kama nyama ya mbwa usimpe mabichi kamwe, ndani yake kunaweza kuwa na vifuko vya mnyoo wa tegu ambao mbwa akiupata anawapa watoto wenu, wanaota uvimbe kwa ini na mapafu, Turkana wameteseka na huo ugonjwa miaka mingi.

Ugali wenyewe si adui, akishatulia kidogo si mbaya, ila uwe wa unga mnaokula nyinyi. Kuna mtindo wa kuweka kando mahindi yaliyoota ukungu kwamba ni ya mbwa. Sumukuvu iliyoua watu 125 mwaka 2004 kule Makueni na Kitui ilikuwa kwa mahindi, na ini la mbwa linaishindwa haraka, kwa hivyo mahindi ambayo huwezi kumpa mtoto usimpe mbwa.

Akiharisha usikimbilie Flagyl, ile antibiotiki ya duka la dawa. Najua kila mtu anayo kwa droo. Inafunga choo siku mbili tatu lakini inaua na wale vijidudu wazuri, alafu tumbo linakuwa jepesi kuliko mwanzo, na ukimpa mara nne kwa mwaka unakuwa umelima shamba ukang'oa na mahindi. Paracetamol na ibuprofen ndio usiguse kabisa.

Kuna siku za kuacha sufuria ukakimbia kliniki usiku huo huo. Damu kwa choo au choo cheusi kama lami, kutapika kila akinywa maji, tumbo limevimba na gumu, fizi zimepauka au zimekauka zinanata kidole. Mbwa wa kilo sita hana akiba ya maji, kile mbwa wa kilo thelathini anavumilia siku mbili yeye kinamlaza kwa nusu siku. Inua midomo yake leo akiwa mzima uone fizi zake zinavyokaa, bonyeza na kidole, rangi irudi kabla hujahesabu mbili, ili siku ikibadilika ujue.

Andika choo chake kila siku kwa daftari, rangi, kimeshika au hakijashika, saa ngapi, na alikula nini. Ukija na hiyo daftari na ile chupa ya choo nitakusaidia kuliko vile barua hii imeweza.